Jibu: Mwaka wa pili UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), nijiandae vipi mtandaoni kwa ajili ya kazi?

Mdogo wangu, umeuliza kama ufungue akaunti kila mtandao sasa hivi au usubiri umalize chuo. Usisubiri, ila kila mtandao ni kujichosha bure. Anza na LinkedIn tu, mtandao wa mambo ya kazi.

Pale chini ya jina wengi huandika "mwanafunzi" wakaishia hapo. Wewe unasoma Takwimu, liandike hilo, pamoja na programu unazozimudu kweli, kama Excel au R. Halafu weka kazi ionekane. Matokeo ya Sensa ya 2022 yako bure kwenye tovuti ya NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Chukua mkoa wetu wa Dodoma: watu 2,083,588 mwaka 2012, wakafika 3,085,625 mwaka 2022. Chora grafu moja safi, eleza kwa sentensi chache ongezeko hilo linamaanisha nini kwa maji au madarasa, taja chanzo, pandisha. Moja kwa mwezi inatosha kabisa.

Instagram yako ya vichekesho usiifute, ifanye ya faragha. Utani wa Simba na Yanga sioni shida. Matusi ndiyo yaondoe. Na ukienda fildi (mafunzo kwa vitendo) kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, tafadhali usiposti picha ya meza yenye nyaraka za ofisi!

Kazi za serikali utaomba Ajira Portal, mfumo wa serikali wa maombi ya kazi mtandaoni, huko wafuasi hawasaidii kitu. LinkedIn ni zaidi kwa mashirika na kampuni binafsi.

Grafu ya kwanza ikiwa tayari itupie hapa tuikague kabla hujaiposti.