Jibu: Rokossovsky mfungwa na Rokossovsky Marshali ni mtu mmoja

Salaam mkuu. Umekwama hapa: Rokossovsky, kamanda wa Jeshi Jekundu (jeshi la Kisovieti), yuko gerezani hadi Machi 1940, halafu Juni 1944 ni Marshali, ukahisi labda ni watu wawili. Ni huyo huyo.

Anza kukagua vyeo, tarehe baadaye. Hata mimi nilizungushwa siku mbili hapo. Alipokamatwa Agosti 1937 alikuwa "komdiv", yaani kamanda wa divisheni, maana Jeshi Jekundu halikuwa na majenerali. Vyeo hivyo vilirudishwa Mei 1940, na mwezi uliofuata akawa meja jenerali. Ukitafuta "Jenerali Rokossovsky" kabla ya hapo, utatoka mikono mitupu.

Yaliyobaki ni Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 yuko na Jeshi la 16, anaziba njia ya Volokolamsk Wajerumani wasiingie Moscow, mdomoni ana meno ya bandia. Yake alivunjiwa gerezani. 1943 alipanda cheo mara mbili, Januari na Aprili, katikati yake mapigano ya Stalingrad yakaisha. Umarshali ulimjia 29 Juni 1944, kama wiki moja tangu Operesheni Bagration, shambulio kubwa la Wasovieti huko Belorussia, ianze.

Novemba akahamishiwa Fronti (kundi la majeshi) ya Pili ya Belorussia, na ile ya Kwanza, aliyokuwa akiiongoza na yenye njia ya Berlin, akapewa Marshali mwenzake Zhukov. Mimi ningenuna.