Kabla hujanyanyua, angalia kamba zimekaaje

Jana kuna mtu kaniandikia inbox, ana jenereta la tani 1 na kamba mbili za kunyanyulia, kila moja imeandikwa tani 1, anauliza si anapandisha tu bila presha? Ndugu yangu inategemea umezifungaje.

Kamba zikishuka wima kutoka kwenye ndoano kila moja inabeba kilo 500, hapo sawa. Sasa zitanue, zikifika digrii 45 kutoka usawa wa ardhi kila moja inabeba kama kilo 707, na zikilala mpaka digrii 30 kila kamba peke yake inavutwa kwa kilo 1,000, na mzigo ni uleule haujaongezeka hata gramu!

Hili nililisema zamani nikiwa msaidizi tu, tunapandisha mashine ya kukereza vyuma na kamba fupi zimelala vibaya, nikasema jamani tutafute ndefu, msimamizi akanicheka mbele ya watu eti hesabu za darasani nikafanyie darasani. Mashine ilipoachana tu na sakafu kamba moja ikaanza kuchanika nyuzi, ikashushwa mbio, kamba ndefu zikaletwa na hakuna aliyeniambia hata asante. Bado inaniuma mpaka leo, sitaficha. Ila siku hizi mimi ndo nafunga na hakuna kinachopanda kabla sijakikagua, najivunia sana hilo.

Kwa hiyo jamani tusiogope kuitwa wabishi, anayekuharakisha mara nyingi hatakuwa karibu na mzigo. Nyanyua kidogo kwanza, sentimita chache, simamisha, angalia kama umekaa sawa. Kona za chuma ziwekee mpira au gunia nene. Na usipite chini yake, hata sekunde, hata kama bosi anapita.

Fundo nalo linakula nguvu ya kamba, mengine karibu nusu, maana pale inapojikunja ghafla nyuzi za nje ndo zinavutika zaidi. Kitanzi kilichosukwa mwishoni mwa kamba ni bora mbali kabisa.

Wewe wa jenereta, pima umbali kati ya sehemu mbili unazofungia, kila kamba ikiwa na urefu huohuo unapata digrii 60, yaani kama kilo 577 kila upande, ikiwa ndefu zaidi ndo vizuri. Lakini kama umezipiga mafundo, hiyo tani 1 iliyoandikwa usiihesabu tena, tafuta kamba nyingine.