Mofini ya mgongoni na upumuaji
Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, anayopewa mama kwa mrija wa mgongoni baada ya upasuaji inaweza kumzuia kupumua. Inaweza, ingawa ni nadra, na huja kwa kuchelewa: dawa hupanda polepole na maji ya uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, pengine saa 6 hadi 12 baadaye. Ndiyo maana huangaliwa saa 24. Kuwashwa pua, kichefuchefu na mkojo kugoma kutoka ni kawaida. Cha kuogopa ni usingizi mzito: ukimwita haitiki vizuri, au pumzi hazifiki 10 kwa dakika, ita muuguzi papo hapo, kuna dawa iitwayo naloksoni ambayo huizima mofini. Na tafadhali, asimeze dawa ya usingizi bila daktari kujua.