Maswali na majibu: Pamu ya baridi katika bustani za Arusha na Kilimanjaro

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu pamu ya milimani kutoka China, ambayo wataalamu huiita Trachycarpus fortunei. Nimechagua maswali haya.

Nimesikia kuna mnazi unaostahimili theluji. Niko Ilboru, nikiupanda utashika? (Baba wa watoto wawili)

Utashika, ila usisubiri nazi, maana si mnazi. Matunda yake ni madogo, ya buluu iliyokolea, wala hayaliwi. Mti uliokomaa huvumilia baridi hadi kama nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa hiyo Julai ya Arusha inayotuvalisha masweta haiustui hata kidogo. Kinachotuhusu sisi ni kwamba haupendi joto lisilokatika. Ilboru, Marangu, Machame na Kibosho ni mahali pake. Moshi mjini, mita 800 na kitu tu kutoka usawa wa bahari, ile Februari itautesa. Panda masika yakianza, mahali ambapo maji hayatuami, na mche mdogo uupe kivuli cha mchana.

Nimenunua mche kando ya barabara nikaambiwa ndiyo wenyewe. Nitajuaje kama sijapigwa? (Dada, Usa River)

Dada yangu, pamu zenye majani mapana kama kipepeo cha kupepea moto ni nyingi na wauzaji wengine huziita zote jina moja. Angalia kikonyo cha jani. Pamu ya baridi ina vimeno vidogo sana pembeni, ukipitisha kidole unahisi mkwaruzo tu. Washingtonia ina miiba mikubwa iliyojikunja, ya kukuchana mkono. Livistona ya China nayo ncha za majani yake huning'inia kama nywele zilizolowa. Kisha tazama shina: la pamu ya baridi limevishwa manyoya ya nyuzi za kahawia tangu likiwa fupi. Mche ambao bado una majani membamba kama nyasi usiulipie bei kubwa, maana katika umri huo karibu zote zinafanana. Na ukiotesha mbegu mwenyewe, menya nyama ya tunda, tumia mbegu mbichi na vuta subira ya mwezi mmoja hadi mitatu. Waonye pia wanaopalilia kitalu, wasije wakang'oa miche wakidhani ni majani.

Mwanangu, majani ya chini yanageuka njano, yanaharibu sura ya bustani. Niyapogoe? (Mzee, Machame)

Shikamoo mzee wangu. Naomba panga lipumzike kwanza. Pamu ikipungukiwa potasiamu au magnesiamu, huyanyonya madini hayo kutoka majani ya zamani na kuyapeleka kwa machanga. Jani la njano, kwa hiyo, bado linalisha mti. Ukilikata, mti utaanza kunyonya lile la juu yake, kisha la juu zaidi, mpaka ubaki na kishungi. Kata lililokauka na kuwa kahawia tu. Weka samadi iliyooza vizuri kuzunguka shina bila kuligusa, na mbolea yenye potasiamu na magnesiamu. Majani yaliyokwisha kugeuka hayatarudi kijani, ubora utauona kwa yanayofuata. Na fundi wa bustani asije akaukata kichwa ili uchipue matawi. Mti huu una moyo mmoja tu wa kukua, ukikatwa huo mti umekufa.

Sisi ni kikundi cha akina mama, tunasuka mikeka. Pamu hii itatupatia malighafi? (Moshi)

Akina mama, kwa mkeka hapana. Wachina na Wajapani wamevuna nyuzi za shina lake kwa karne nyingi: kamba, mifagio, brashi, hata makoti ya mvua ya wakulima. Wakayama, Japani, bado kuna mafundi wa mifagio hiyo, na magogo ya shina hutumika kugongea kengele za mahekalu. Ni kazi za heshima, lakini soko lake hapa silioni, na mti wenyewe hukua polepole sana miaka ya mwanzo. Ninyi pandeni mkindu wetu kandokando ya mfereji. Ukindu mnaujua kuuchambua, kuupaka rangi na kuuza.

Pamu yangu hutoa maua ya njano kila mwaka, haizai. Ina ugonjwa? (Njiro)

Haina. Yaelekea ni dume. Madume na majike ni miti tofauti.

Shamba letu linapakana na ule ukanda wa msitu wa Kilimanjaro uitwao Nusu Maili. Tunataka kupanda mstari mzima mpakani. (Vijana, Old Moshi)

Hapo nawakatalia. Ticino, kusini mwa Uswisi, pamu hii ilipandwa kama pambo, ndege wakala matunda na kuzitawanya mbegu, na sasa imejaa chini ya miti ya msitu. Uswisi imepiga marufuku kuuza mche wake tangu Septemba 2024. Ndege wala matunda wa Kilimanjaro hawana habari na mpaka wa shamba lenu. Mpakani pandeni miti ya asili, mringaringa kwa mfano, ambao wazee wenu walishauzoea katikati ya kahawa. Pamu, kama mnaitaka sana, iwe moja au mbili karibu na nyumba. Ikitokea ni jike, kateni mashada kabla matunda hayajageuka buluu.