Usinunue kompresa ya Benzi kabla hujaona povu

Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni. Usimpe fundi wako hata mia mpaka umalize kusoma hapa.

Umeandika kwamba Benzi yako, S350 ya 2003, inalala mbele kushoto kila asubuhi, ukiwasha inanyanyuka taratibu, na tangu wiki iliyopita dashibodi inakwambia uipeleke gereji. Fundi amekwambia kompresa, ile pampu inayojaza hewa kwenye shokapu zinazobeba gari badala ya springi, imechoka na ameshakutafutia used kwa laki saba. Unauliza uchukue hiyo, utafute mpya ya China, au ung'oe hewa yote uweke springi za chuma. Nimesoma moyo ukanienda mbio, kwa sababu ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, kwa gari ya aina ile ile, kona ile ile ya kushoto. Halafu wachangiaji wa juu wameanza kukutajia bei za kompresa, na hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Fikiria kidogo. Gari yako inalala usiku, imezimwa, wewe uko kitandani. Kompresa saa hizo haina kazi yoyote. Kazi yake ni kujaza. Ikishajaza, valvu zinafunga, na hewa inatakiwa ikae ndani ya mpira wa shokapu usiku kucha na siku zinazofuata. Ukiamka ukakuta kona moja iko chini na tatu zimesimama, hewa ya kona ile imetoka, na mara nyingi imetokea pale pale: kwenye mpira wenyewe au kwenye kiungio cha bomba kilicho juu ya shokapu, na mara chache kwenye boksi la valvu linalogawa hewa kwa kila kona. Kompresa ingekuwa imekufa, ungewasha gari ukasubiri na isingenyanyuka. Yako inanyanyuka, umesema mwenyewe. Maana yake kompresa yako ni nzima, ila inateswa.

Inateswa hivi. Ile mashine ni ndogo, imetengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi kisha ipumzike. Mpira ukiwa unavuja, inajaza, hewa inatoka, inajaza tena, foleni yote ya Mandela mpaka nyumbani. Inapata moto, pistoni yake inakwisha, na relei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, inaungua mapleti mpaka yanagandana. Relei ikigandana, kompresa haizimi hata ikitaka kuzimwa. Kwa hiyo kompresa inakufa kweli, fundi hatakuwa amedanganya siku hiyo, lakini imeuawa na mpira. Ukiweka nyingine bila kugusa mpira, umeipeleka ikauawe na muuaji yule yule.

Mimi nimenunua mbili.

Gari yangu ni S350 ya 2004. Mwaka 2022, masika, ikaanza kulala mbele kushoto. Watoto wa mtaani kwetu Tabata wakawa wanapita asubuhi kwenda shule wanasema Benzi limesujudu. Nikaipeleka gereji moja Kinondoni, sitaitaja, wenye magari ya Mjerumani wengi wanapita huko. Fundi akaingia ndani, akachomeka mashine ya kupimia, akasoma kitu kwenye kioo, akatoka na jibu: kompresa. Dakika kumi, elfu hamsini ya kupima. Hakuvua tairi. Hakuinama chini ya fenda. Hakugusa hata mara moja ile kona iliyolala. Mkuu, nikikumbuka hapa napandwa na hasira mpaka leo, kwa sababu gari ilikuwa imelala mbele ya macho yetu wote wawili, na yeye akaangalia kioo.

Nataka uelewe alichosoma. Mashine haikuandika "kompresa imekufa". Mashine ilisema gari inachukua muda mrefu kufikia kimo chake. Hiyo ni dalili. Ni kama ndoo iliyotoboka halafu ukalaumu bomba kwamba halijazi. Lakini mimi sikujua, na yeye alivaa ovaroli safi na kuongea kwa uhakika, nikalipa. Kompresa used laki sita na nusu, ufundi laki moja. Ile yangu ya zamani, ambayo sasa naamini ilikuwa nzima kabisa, ilibaki kwake na sijaiona tena.

Ikakaa wiki tano.

Siku iliyokufa nilikuwa nampeleka mama mkwe Stendi ya Magufuli, Mbezi, awahi basi la Tanga la alfajiri. Tumetoka Tabata saa kumi usiku, gari iko juu vizuri. Tumepita Ubungo, tunapanda Kimara, upande wa kushoto ukaanza kushuka, nikasikia tairi linakwaruza plastiki ya ndani ya fenda. Nikasimama pembeni. Mama mkwe, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akashuka na mabegi yake gizani, tukamtafutia bajaji. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Baba, gari lako linaumwa, usilipige." Brekidauni kurudi mjini laki na nusu.

Unadhani hapo nilijifunza? Fundi akasema tatizo ni kwamba ile ilikuwa used, tuweke mpya. Na ndivyo anavyokwambia mwenzangu mmoja hapo juu: "nunua mpya uwe na amani." Nikanunua mpya, 1,450,000, kwenye duka moja la spea Kariakoo. Muuzaji naye akaapa kwamba ugonjwa wa Benzi zote ni kompresa. Yeye anauza kompresa, angesema nini kingine? Ufundi laki moja tena. Jumlisha: kupima, kompresa ya kwanza, ya pili, ufundi mara mbili, kuvutwa. Ni 2,500,000, na asubuhi yake gari ikalala mbele kushoto kama kawaida.

Aliyeiponya ni kijana wa pancha. Naomba mtu asicheke hapa, kwa sababu yule kijana ananidai heshima mpaka leo. Nilipata pancha Jumamosi, tairi hilo hilo la mbele kushoto, nikasimama kijiweni pale Tabata Relini. Akapiga jeki, akavua tairi, halafu akatulia akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza mlango. Akasema, "Bosi, hapa panapumua." Akachukua lile dodoki lake la kwenye beseni la sabuni, lile analopakia mipira kila siku, akavuta chini ile soksi ya kuzuia vumbi, akakamulia povu pale mpira wa shokapu unapojikunja. Povu likaanza kuchemka. Mapovu madogo madogo, kisha makubwa, yanapasuka na kurudi. Ufa wenyewe ulikuwa mfupi kuliko ukucha wangu.

Akachukua elfu mbili ya pancha. Kwa kugundua uvujaji hakudai kitu, aliona ni jambo la kawaida: kama kitu kina hewa na kinalegea, unakipaka sabuni. Huyu kijana hajawahi kushika mashine ya kupimia Benzi. Anajua hewa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia kwenye kila uzi wa gari ya hewa mpaka mnichoke: povu kwanza, hela baadaye. Wapo watakaosema natoa povu. Natoa, na nataka na wewe utoe, kwenye gari yako, kesho.

Fanya hivi. Usiku huu iegeshe sehemu tambarare, chukua futi, pima kila kona kutoka katikati ya tairi kwenda juu mpaka ukingo wa fenda. Andika. Asubuhi kabla ya kufungua mlango pima tena, kwa sababu baadhi ya gari hizi zinaamka na kujirekebisha ukifungua tu mlango. Kona iliyoshuka ndiyo mgonjwa. Zikishuka mbili za ekseli moja kwa pamoja, anza kulishuku boksi la valvu. Kisha washa, bonyeza kitufe cha kuinua gari, iache ijae, zima, changanya sabuni ya vyombo na maji kwenye chupa ya kupulizia, na umwagie kona ile yote: kiungio cha bomba juu, mwili wa shokapu, na zaidi ya yote pale mpira unapojikunja, maana hapo ndipo unapokunjwa na kukunjuliwa kila tuta, miaka ishirini sasa, kwenye joto letu hili. Tairi likivuliwa utaona vizuri zaidi. Gari iwekwe kwenye stendi imara, siyo jeki peke yake. Hewa ikitoka ghafla ile gari inashuka na uzito wake wote, na mkono wako upo chini ya fenda. Hilo usilifanyie mzaha.

Na usiishie povu la kwanza. Ufa mwingine unavuja gari ikiwa chini na kujifunga ikiwa juu, kwa hiyo pulizia katika vimo vyote viwili.

Ukishaona povu ndipo twende kwenye spea. Hapo nina machache. Mpira hauulizwi kilomita, unaulizwa umri. Baada ya Tabata Relini nilinunua shokapu moja used iliyotoka kwenye gari ya Japani, inang'aa, nikaambiwa imetembea kidogo. Ilikuwa na umri sawa na ile niliyoitoa. Miezi miwili, povu. Kwa hiyo used ya hewa sahau kabisa, hata ukipewa kwa bei ya samaki. Mpya zipo za aina nyingi: Bilstein, ambao ni watu wa shokapu za Mjerumani tangu kiwandani, Arnott wa Marekani, ambao kazi yao kubwa ni hizi hizi za hewa, na za China zisizo na jina, ambazo bei yake inavutia na mpira wake ni bahati nasibu. Mimi niliagiza mbili za mbele, Arnott, kwa pamoja, kila moja ilinifikia kwa 1,700,000 na kidogo. Niliagiza mbili kwa sababu ya kulia ilizaliwa siku moja na ya kushoto.

Kabla ya kuagiza tuma namba ya chesisi, usitume picha. S350 yenye 4MATIC, yaani inayosukuma matairi yote manne, mbele ina shokapu zake, hazifanani na za ile inayosukuma nyuma tu. Juu ya shokapu kuna waya wa kurekebisha ugumu, ukiletewa isiyo na sehemu ya waya huo irudishe. Na kama kuna mwenye S600 anasoma hapa, yako kwa kawaida siyo ya hewa kabisa, ni ABC, inatumia mafuta ya haidroliki, maelezo haya hayakuhusu.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo. Shokapu mpya ijazwe hewa kabla gari haijashushwa juu yake. Ukimwacha fundi ashushe jeki shokapu ikiwa tupu, mpira unajikunja vibaya ndani na unachanika siku ya kwanza, na atakwambia umeuziwa feki. Relei badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Kompresa yako iache. Nasema tena, iache. Ukiondoa uvujaji, isikilize wiki mbili. Ikijaza upesi na kunyamaza, huna haja ya nyingine. Ikichelewa kujaza hata baada ya povu kuisha, hapo tu ndipo ununue, na utafute Wabco, ndiyo iliyokuja na gari.

Springi za chuma sikatazi. Wapo waliobadilisha na wanaendesha, ingawa gari inapoteza ule utulivu ulioinunulia na dashibodi itaendelea kukusumbua mfumo wa hewa usipozimwa. Lakini anayekushauri ung'oe kona nne zote wakati hajajua hata moja inavuja wapi, huyo ni ndugu wa yule wa kompresa.

Piga futi usiku huu. Kesho ukiona povu, chukua picha weka hapa kabla hujampigia fundi, tutakwambia ni kiungio cha bomba cha elfu chache au ni mpira. Na usipoliona, usikate tamaa ukarudi kwenye laki saba yako. Ilete Jumamosi Tabata Relini, kijana bado yupo pale, na dodoki lake.