Kopi za "All Along the Watchtower": anza na ipi?

Mkuu mleta uzi, umeuliza anayejifunza gitaa aige kopi ipi (yaani rekodi ya nani) ya "All Along the Watchtower", na karibu wote hapa wamekimbilia ya mpiga gitaa Jimi Hendrix. Sibishi. Ila wimbo huu nimeupiga miaka mingi, mara rizimu (gitaa la kusindikiza), mara solo, na naona ukianza na Hendrix utazoesha vidole tu, wimbo wenyewe hutaujua.

Anza na Bob Dylan, mwenye wimbo, albamu ya John Wesley Harding, 1967. Gitaa kavu (lisilo la umeme), kinanda cha mdomo, besi na drams, basi. Kodi tatu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazunguka mwanzo hadi mwisho, beti tatu, kiitikio hakuna. Tena hadithi inakatika pale ulipodhani ndiyo inaanza: wapanda farasi wawili wanakaribia, upepo unavuma, kwisha.

Hendrix aliingia kwenye nafasi hiyo iliyoachwa wazi. Alianza kurekodi London Januari 1968, hata mwezi haujaisha tangu albamu ya Dylan itoke. Dave Mason alipiga gitaa la nyuzi 12. Noel Redding, mpiga besi wake, alipokasirika na kutoka studio, Hendrix akaishia kupiga besi mwenyewe. Sasa sikiliza ile solo ndefu ya katikati. Ina vipande vinne: anaanza kawaida, anaingia slaidi (kuteleza kitu kigumu juu ya nyuzi), inafuata pedali ya wah-wah (ya mguu, inayofanya gitaa lilie "wa-wa"), mwisho anachapa kodi. Kila kipande kina la kusema, na chini yake mzunguko ni uleule wa Dylan, hajaongeza kitu. Angalizo: nyuzi zake kazilegeza nusu tone, kwa hiyo ukimfuata na gitaa lililotuniwa kawaida mtagombana.

U2 (Rattle and Hum, 1988) mnisamehe mashabiki, kelele nyingi. Neil Young kwenye tamasha la kumuenzi Dylan, Madison Square Garden 1992, gitaa lake chafu kwa makusudi, hiyo naipenda.

Waliosema "orijino haina mpinzani" wajue Dylan mwenyewe alikiri kwamba tangu Hendrix afariki, anaupiga kwa mtindo wa Hendrix. Mwenye wimbo anapiga kopi ya kopi!

Ukipata wenzako wa kupiga nao, solo iacheni kwanza. Zungusheni kodi tatu hizo taratibu mpaka rizimu na drams washikane, maana mwenye solo akipanda juu ya rizimu inayoyumba, hata awe fundi namna gani, wimbo unaanguka.