Muulize Muuguzi: Sauti ya WhatsApp imemtia hofu mume wangu

SWALI: Shikamoo mama. Binti yetu ana miaka 10, na shuleni wameleta karatasi ya idhini ya chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Baba yake amegoma kutia sahihi. Dada wa mume wangu alirusha kwenye grupu la familia sauti ya "daktari" anayesema chanjo hii inaleta utasa. Nikimweleza aliyosema nesi, ananijibu nesi analipwa aseme hivyo. Nifanyeje? – Mama Binti

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo amemwamini dada yake, na sauti ikapita humo humo. Nimechanja watoto mpaka nikastaafu. Wazazi waliokuja wameshakataa walikuwa wakiniambia "shemeji kasema", "jirani kasema". Kwa hiyo vipeperushi mwekee, lakini usivitegemee. (Na hilo la kulipwa: mshahara wangu ulikuwa ule ule, wachanjwe wasichanjwe.)

Isikilize tena hiyo sauti. Daktari ametaja jina? Hospitali? Ikiwa juu yake pana mishale miwili, ujue imepita mikono mingi kabla ya kumfikia wifi yako, na huenda hata yeye hajui ilikotoka. Mwulize, ila pembeni. Ukimwaibisha kwenye grupu ataitetea hata kama mwenyewe ameanza kuitilia shaka.

Japani waliyaona haya. Karibu mabinti 7 kati ya 10 walikuwa wakichanjwa. Mwaka 2013 vyombo vya habari vikawaonyesha mabinti waliolalamikia maumivu makali baada ya sindano, serikali ikaacha kuihimiza chanjo, na waliochanjwa wakapungua hadi chini ya 1 kati ya 100. Uchunguzi haukukuta kwamba chanjo ndiyo iliyowadhuru, lakini serikali ilirudi kuihimiza mwaka 2022 tu. Miaka yote hiyo chanjo ilikuwa ile ile.

Utasa? Chanjo hii ina protini za ganda la kirusi tu, hamna kirusi cha kuzaliana mwilini, na tangu ianze kutumika mwaka 2006 haijaonekana kuleta utasa. Inachozuia ni kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Mkono utauma, homa ndogo inaweza kuja, na wapo wanaozimia, ndiyo maana tunawakalisha dakika 15 kabla ya kuondoka. Mwambie mumeo na hayo. Baba aliyefichwa habari ya homa, mtoto akichemka usiku, ataamini kila neno la ile sauti.

Je, yupo kaka au rafiki anayemsikiliza, ambaye binti yake ameshachanjwa? Anza na huyo. Kisha nendeni wote wawili kwa nesi, baba aulize mwenyewe la utasa, wewe unyamaze hata kama ulimi unakuwasha. Umri unaopendekezwa ni miaka 9 hadi 14, kwa hiyo siku ya shuleni ikiwapita, mwulizeni nesi huyo huyo mtampeleka wapi.